Kulala msituni bila kulipa: mwongozo kwa tulio Minnesota na majimbo mengine ya Marekani

Utotoni kwangu Marangu, msitu ulikuwa mahali pa kuingia ukiwa na sababu. Mama na shangazi zangu walipanda alfajiri hadi nusu maili, ile kanda ya msitu waliyoachiwa wanakijiji tangu enzi za mkoloni, wakakata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, kisha wakashuka kimyakimya, masikio yamesimama. Askari wa misitu akitokea, ulitakiwa ujieleze. Nilikuja Marekani na masikio yaleyale. Kwa miaka minne nilipita na gari kando ya Msitu wa Taifa wa Superior, juu kabisa ya Minnesota, nikiamini kwamba lazima mbele kuna geti, kuna karani na kuna stakabadhi ya kulipia.

Hakuna geti. Unaingia, unatafuta mahali panapofaa, unasimika hema, unalala, na hudaiwi hata senti. Nimekutana na Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaoishi saa nne tu kutoka msitu huo ambao hawajawahi kulala humo, na sababu yao ni ileile iliyonizuia mimi: msitu wa serikali ni wa serikali. Naandika haya ili uende, na ili ukienda ujue unachotakiwa kufanya.

Misitu ya Taifa iko 154 nchi nzima, chini ya US Forest Service, idara iliyo ndani ya Wizara ya Kilimo. Kambi ya namna hii wenyewe wanaiita dispersed camping. Shika maneno hayo, maana ndiyo utakayotafuta kwenye tovuti ya msitu wa karibu nawe. Maana yake ni kulala nje ya kambi rasmi, pasipo choo, bomba, meza wala pipa la taka. Kwa kawaida unaruhusiwa kukaa siku 14 mahali pamoja, kisha unahama. Huulizwi uraia wala kibali cha makazi ili ulale humo.

Usichanganye Msitu wa Taifa na Hifadhi ya Taifa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Voyageurs iko kaskazini humohumo Minnesota, lakini ni hifadhi: kulala ni kwa kibali cha kulipia, katika sehemu zilizopangwa. Ndani ya Superior penyewe kuna eneo la maziwa la Boundary Waters, zaidi ya ekari milioni moja, na ukitaka kulala humo lazima uwe na kibali mwaka mzima. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 idadi ya wanaoingia ina kikomo na unalipia nafasi. Nje ya mipaka hiyo ndipo penye uhuru ninaousema. Misitu ya jimbo la Minnesota nayo inaruhusu kambi za namna hii, ila mbuga za jimbo zinatoza. Kwa walio Houston, Msitu wa Taifa wa Sam Houston uko mwendo wa kama saa moja kaskazini mwa jiji. Walio Atlanta wana Chattahoochee-Oconee. Walio magharibi, kama Utah, Nevada au Arizona, wana pia ardhi kubwa ya Bureau of Land Management, idara nyingine ya serikali kuu, yenye taratibu zinazofanana.

Kupata mahali penyewe ni kazi ya siku mbili kabla ya safari. Kila msitu una ramani ya bure ya barabara za magari, Motor Vehicle Use Map, ambayo wengi huiita MVUM. Ipakue kwenye simu kupitia programu ya Avenza ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishaacha lami mtandao unakata. Ramani hiyo inaonyesha barabara zipi ziko wazi na kwa miezi ipi. Barabara isiyo kwenye ramani usiiingie, hata kama ina alama za matairi. Angalia pia mipaka ya umiliki, kwani katikati ya msitu kuna viwanja vya watu binafsi, na mtu akikukuta kwake usiku hamtaanza vizuri. Kisha piga simu ofisi ya msitu ya eneo husika. Kwa Superior ofisi hizo ziko Tofte, Grand Marais, Ely, Cook na Aurora. Waulize mambo matatu: barabara zikoje baada ya mvua, moto unaruhusiwa wiki hii, na wapi pameshakaliwa na watu kiasi kwamba hutaumiza majani mapya. Wanajibu kwa upole, na swali la tatu huwafurahisha.

Kama una watoto wadogo, au wazazi wamekuja kukutembelea, usianze na pori tupu. Superior ina vikambi vidogo visivyotozwa, vyenye meza na choo cha shimo. Lala hapo mara ya kwanza. Mama yangu alilala hapo Agosti alipokuja, akakaa asubuhi nzima amejifunga khanga, anatazama ziwa, na alichoniuliza ni kama kweli hakuna atakayekuja kutudai.

Ukifika, tafuta sehemu iliyokwisha kukaliwa, yenye udongo mgumu, angalau futi 200 kutoka ziwani au mtoni. Hizo ni kama hatua 70 za mtu mzima. Kabla hujafungua hema, inua uso utazame juu. Mti mkavu uliosimama au tawi lililovunjika likaning'inia ni hatari kuliko mnyama yeyote wa msitu huo, kwa sababu upepo wa usiku huwezi kuusikia ukiwa usingizini hadi umeshaangusha kitu.

Baridi ya ardhini ndiyo iliyonifundisha kwa ukali. Mwishoni mwa Mei nilikwenda na mfuko mzuri wa kulalia na blanketi mbili za kutandika chini. Saa tisa usiku nilikuwa nimekaa kitako natetemeka, mgongo umekuwa kama nimelalia sakafu ya saruji. Blanketi ukishalilalia linabonyea na joto linatoroka kwenda ardhini. Kinachokukinga ni kigodoro cha kambi, cha povu au cha kujaza hewa, na ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kizuri, nunua hicho. Mei na Septemba kaskazini ya Minnesota usiku hukaribia kuganda, hata kama mchana ulivaa fulana. Nguo za pamba zikilowa haziwashi joto tena mwilini. Vaa sufu au sintetiki. Shuka la Kimasai linafaa sana jioni mkiwa mmekaa, lakini lisiwe tegemeo la usiku.

Choo. Tulisema hakuna, basi unachimba. Beba koleo dogo, ondoka hatua 70 kutoka majini, njiani na kambini, chimba shimo la inchi 6 hadi 8, yaani kama urefu wa kiganja chako chote kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Ukimaliza rudisha udongo na ufunike kwa majani makavu. Karatasi ni afadhali uirudishe nyumbani kwenye mfuko uliofungwa. Taulo za kike na nepi za mtoto ni lazima uzirudishe nyumbani. Wanaochamba kwa maji, chota maji kwenye chombo na uende nacho huko kwenye shimo. Wudhu nao hivyohivyo: chota, sogea mbali na ziwa. Sabuni, hata ile iliyoandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira, isiingie ziwani. Kibla kutoka Minnesota kiko kaskazini mashariki, na dira ya simu inafanya kazi bila mtandao.

Maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au yachuje kwa kichujio cha kambi. Ziwa linaweza kuwa safi kiasi cha kuona kokoto chini na bado likawa na vijidudu vya giardia, na kuhara wiki tatu si zawadi ya kurudi nayo kazini.

Sasa chakula, na hapa nazungumza na sisi hasa, kwa sababu sisi hatuendi kambini na mkate na siagi ya karanga. Tunakwenda na nyama iliyolala kwenye limau, tangawizi na vitunguu saumu. Dubu weusi wapo katika msitu huu, na pua ya dubu ni kali kupita ya mbwa. Kwa kawaida hana haja na wewe. Ana haja na sufuria. Choma nyama mapema, kabla jua halijazama, mbali na mahema. Mafuta usimwage chini: yaache yagande, yakwangue, yatie kwenye mfuko wa taka. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, losheni, taka na lile tambi lililobaki kwenye sufuria, kikae usiku kwenye chombo kisichofunguliwa na dubu au kitundikwe juu, kama mita 4 kutoka ardhini na mita 2 kutoka kwenye shina. Ndani ya hema kisiingie hata biskuti ya mtoto. Akitokea, simameni pamoja, ongeeni kwa sauti kubwa, gongeni sufuria, mwachieni njia ya kuondokea. Msikimbie. Na kumbuka msitu mwingine una sheria nyingine: Montana na Wyoming kuna dubu aina ya grizzly, na huko uliza ofisini kabla ya kubeba hata karanga.

Moto ninautazama kwa uzito kuliko yote haya. Siku ikiwa kavu na yenye upepo, hata kama umeruhusiwa, pika kwa jiko la gesi. Misimu ya ukame ofisi hutangaza marufuku kwa hatua, na marufuku hiyo inakuhusu hata kama hukuiona, kwa hiyo angalia asubuhi ya safari. Minnesota moto wa kambi usizidi futi 3 upana na futi 3 kimo. Tumia mahali palipokwisha kuwashwa. Okota kuni zilizokauka na kuanguka, zinazovunjika kwa mkono. Usikate mti uliosimama na usibandue gome la mti hai. Kuni za kutoka mjini usizibebe, kwa sababu ndani yake husafiri wadudu. Yule anayeua miti ya ash aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na kufika 2009 alikuwa ameonekana Minnesota.

Kuzima ni hivi. Nusu saa kabla ya kulala acha kuongeza kuni. Mwaga maji, si kikombe, ndoo. Koroga majivu kwa fimbo hadi yawe uji. Mwaga tena. Kisha pitisha nyuma ya mkono karibu na majivu, ukihisi fukuto, rudia. Likiisha, tia vidole ndani, pindua makaa moja moja, shika mawe ya pembeni. Kitu chochote kikiwa na uvuguvugu, moto haujazimika. Kufukia kwa udongo, kama tunavyofukia makaa nyumbani, ndiko kunakodanganya watu: makaa hukaa hai chini kwa muda mrefu na mzizi ukashika.

Msimu mzuri ni mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Juni na Julai mbu ni wengi mno. Hawaleti malaria, lakini baadhi yao hubeba virusi vya West Nile, kwa hiyo jipake dawa. Kupe ni jambo zito zaidi, kwani wadogo wenye miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, na kila jioni kagueni miili: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, na vichwani chini ya misuko. Novemba ni msimu wa bunduki wa kulungu. Ukienda, vaa rangi ya chungwa inayong'aa, watoto pia.

Mambo ya karatasi tusiyapite. Superior inapakana na Kanada. Polisi wa mpakani wana mamlaka ya kusimamisha na kuuliza ndani ya maili 100 kutoka mpakani, na mwenye kadi ya ukaazi aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kisheria awe nayo mwilini, si nakala iliyoachwa nyumbani. Iweke kwenye mfuko usiopenya maji. Baadhi ya maziwa mpaka unapita katikati, na huko hakuna ukuta. Ukikodi mtumbwi, jua mstari uko wapi. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea azungumze na wakili wake kabla ya kuelekea huko. Kuna misitu mingi iliyo mbali na mpaka.

Na kwa viongozi wa jumuiya, kwaya na vikundi vya vijana: mkifikia watu 75 mnahitaji kibali maalumu cha kikundi, ambacho huombwa mapema ofisini. Anayekusanya ada kwa faida huyo anafanya biashara, na biashara ina kibali chake hata mkiwa kumi. Mziki mkubwa uacheni. Usiku wa kwanza mtasikia ndege wa ziwa anayeitwa loon, sauti kama ya mtu anayelia mbali, na watoto wataogopa. Waambieni ni ndege kabla hajaanza.

Jaza mafuta katika mji wa mwisho. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye jina la barabara ya msituni, namba ya gari, siku na saa ya kurudi, na mwambieni saa zikipita nyingi bila habari apige simu kwa sherifu wa kaunti hiyo, kwani ndiye anayesimamia utafutaji. Simu za iPhone kuanzia 14 hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Jaribu jinsi inavyofanya kazi ukiwa nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka, kunja hema kwanza, halafu wote mpange mstari mmoja, bega kwa bega, mtembee polepole mkitazama chini kutoka mwanzo wa kambi hadi mwisho. Mwanangu wa miaka sita ndiye anayeongoza mstari kwetu. Mara ya mwisho aliokota vizibo viwili vya soda, uzi wa hema na ganda la limau, na vile vizibo havikuwa vyetu.