Chemshabongo ikikukwamia, uliza maana

Wapenzi wa chemshabongo za mafumbo, zile ambazo majibu yote yana mada moja iliyofichwa: usimwombe mwenzako jibu. Msomee kidokezo polepole, mtajie idadi ya herufi, kisha umuulize neno hilo lina maana gani nyingine.

Juzi barazani hapa Lamu tulikwama kwenye hiki: "Uvimbe wa shingoni, nyuma ya chombo, herufi 4." Tulishapata T ya kwanza. Sisi tunawaza maradhi tu, chombo tukakifanya sufuria. Mzee mmoja wa Matondoni, fundi wa majahazi, akasema, "Wanangu, nyuma ya chombo ni tezi, mbele ni omo."

Basi mada ikafunguka: jahazi! "Mji wa Tanzania unaoshika upepo" ukawa tanga. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ukajaza vyumba 8 kwa mpigo. Mkuku, ule mti mkuu wa chini ya jahazi, nao ukafuata.

Kwa hiyo kaeni watu wa kazi mbalimbali: mvuvi, mshonaji, mwalimu. Na andikeni kwa penseli, maana sisi "nanga" tuliifuta mara mbili kabla herufi za majibu yanayokatiza hazijaikubali.