Mbolea ya kuku: jinsi ya kuivisha, kuihifadhi na kuiweka bustanini bila kuunguza mboga

Watu wengi wanaofuga huku Dar wanatoa mbolea bandani asubuhi, jioni ishamwagwa kwenye tuta la mchicha, alafu siku chache mbele majani yanakauka kingo wanasema mbolea ya kuku mbaya. Sio mbaya, ni mbichi. Ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na ikiwa mbichi naitrojeni hiyo inatoka kama amonia, ndo ile harufu inayowasha macho ukifungua banda, inaunguza mizizi na pia inapotea hewani. Yaani ukisikia harufu kali ujue mbolea yako inaondoka, na kazi yote hapa ni kuizuia.

Hatua ya 1: kukusanya

Vaa gambuti, glavu na barakoa, vumbi la banda sio zuri kwa kifua na kinyesi cha kuku kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha. Ya broila (kuku wa nyama) inakuja na maranda au pumba za mpunga ndani yake, hapo ushasaidiwa. Ya leya (kuku wa mayai) wa kwenye keji ni kinyesi kitupu chenye maji maji, hiyo lazima uiongezee makavu.

Hatua ya 2: kuivisha

Hapa ndo penyewe, usiparuke. Ndoo 1 ya kinyesi cha leya changanya na ndoo 2 za maranda au 3 za majani makavu, ya broila mara nyingi inahitaji maji tu. Nyunyiza maji huku unageuza na chepe, alafu chota kiganjani ukamue kwa nguvu: yakidondoka matone mawili matatu inatosha, yakichuruzika ongeza makavu. Rundo lisipungue mita 1 kwenda juu na mita 1 upana, dogo halishiki joto. Funika na turubai.

Baada ya siku kadhaa chomeka kipande cha nondo hadi katikati, kiache dakika 5, kichomoe ukishike. Kama huwezi kukishikilia rundo linafanya kazi, joto zuri ni nyuzi 55 hadi 65, hapo vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu vinakufa. Kila wiki geuza, ya nje iingie ndani, ikikauka nyunyiza maji. Miezi 2 hadi 3 inakuwa nyeusi, inanukia udongo na ukigeuza haipati joto tena. Kama una wasiwasi changanya nusu kwa nusu na udongo kwenye kopo, pandia mbegu za mchicha, zikiota vizuri imeiva.

Kitu kimoja nakiomba sana, usimwagie majivu wala chokaa eti kuondoa harufu na inzi. Vinaifukuza amonia itoke haraka zaidi, unabaki na mbolea dhaifu. Harufu inatibiwa kwa maranda na kugeuza.

Hatua ya 3: kuhifadhi

Iache ipoe na ikauke kivulini, jaza kwenye viroba vya pumba vinavyopitisha hewa, panga juu ya mbao chini ya paa. Masika ikinyeshewa virutubisho vingi vinashuka na maji, na kama kisima kiko jirani vinaingia humo, kwahiyo kaa mbali nacho angalau mita 30 tena upande wa chini wa mteremko.

Hatua ya 4: kuweka

Tuta la mita 1 kwa 10 debe moja linatosha, changanya na udongo wa juu wiki moja kabla ya kupanda, mwagilia. Nyanya konzi mbili kwa shimo, fukia udongo kidogo ndo uweke mche. Sukuma wiki iliyokwisha shika konzi moja kuizunguka, mbali na shina kama kiganja.

Mbichi usiweke kabisa kwenye mboga za majani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, sasa mchicha tunaung'oa wiki ya 3 au ya 4, hizo siku unazitoa wapi?

Kunde na maharage ziruke, zinajitengenezea naitrojeni zenyewe, ukiziwekea nyingi zinajaa majani matupu.