Jinsi ya Kupima Uzito wa Fundisho la Kanisa Kabla ya Kubishana

Ujumbe unaoanza kwa maneno "Papa amesema" huzunguka kwenye simu za wanajumuiya hata kabla Misa ya pili haijaisha, na ubishi unaofuata mara nyingi hauhusu jambo lenyewe bali uzito wake: mmoja analipokea kama dogma, yaani fundisho lililofunuliwa na Mungu na kutangazwa rasmi na Kanisa, mwenzake kama maoni ya mtu. Kabla hujaegemea upande wowote, itafute hati yenyewe. Jibu ambalo Papa alimpa mwandishi wa habari ndani ya ndege halina mamlaka ya waraka wa kipapa, na picha ya maandishi isiyo na jina la hati wala tarehe haikupi chochote cha kupima.

Ukishaipata, tazama vitenzi. Tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pius XII hakusema kwamba inafaa kuamini Kupalizwa kwa Bikira Maria, yaani kuchukuliwa kwake mbinguni mwili na roho. Alisema anatangaza, anaeleza na kufafanua kuwa ni dogma iliyofunuliwa na Mungu. Hapo alifundisha kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kuhusu imani, kwa nia ya kulilazimu Kanisa zima, na hayo ndiyo masharti yaliyowekwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Vatikano wa Kwanza tarehe 18 Julai 1870. Matamko ya namna hiyo ni machache mno. Kanuni ya 749 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba fundisho lolote lisihesabiwe kuwa limefafanuliwa bila uwezekano wa kukosea isipokuwa jambo hilo liwe dhahiri, kwa hiyo anayedai kuwa ni dogma ndiye anayepaswa kuonyesha ilipofafanuliwa.

Hapa wengi huteleza kwa upande wa pili na kusema: "Si dogma, basi ni hiari." Sivyo. Waraka wa Papa Yohane Paulo II wa tarehe 22 Mei 1994, unaosema kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja la upadre, haukuwa tamko jipya la aina ile ya 1950. Hata hivyo, mwaka 1995 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilieleza kwamba fundisho hilo limekwisha kufundishwa bila kukosea na mamlaka fundishi ya kawaida, yaani maaskofu duniani kote wakiwa katika umoja na Papa. Na hata pale ambapo Papa hakusudii kutoa neno la mwisho, Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili kuhusu Kanisa, namba 25, inadai utii wa kidini wa utashi na akili, ikitaka tupime nia yake kwa aina ya hati, kwa kurudiwarudiwa kwa fundisho na kwa namna ya kusema. Vipimo hivyo vitatu, kwa maoni yangu, vingemaliza nusu ya ugomvi wetu.

Kisha tenga fundisho na nidhamu, yaani kanuni za maisha ya Kanisa zinazoweza kubadilishwa. Wazee wanakumbuka kufunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo, bila hata tone la maji. Mwaka 1957 ikawa muda wa saa tatu kabla ya Komunyo kwa chakula, na mwaka 1964 muda wa saa moja. Anayelalamika kwamba "wamebadili imani" amechanganya mambo mawili, kwa maana kilichobadilika ni muda wa kufunga, wakati imani kwamba Kristo yumo kweli katika Ekaristi ilibaki palepale. Useja wa mapadre wa Kilatini, yaani wa Kanisa Katoliki la Magharibi, nao ni nidhamu, ndiyo maana Makanisa Katoliki ya Mashariki, ambayo nayo yako katika umoja na Papa, yana mapadre wenye wake. (Kusema ni nidhamu si kusema ni jambo dogo.)

Ukikwama, fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, shuka hadi tanbihi chini ya ukurasa, na uone kama fundisho linategemea Maandiko, mtaguso au hotuba. Halafu nenda kwa paroko ukiwa na namba ya aya hiyo mkononi badala ya simu yenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi.