Unaenda kusoma Kihispania na utakaa kwa familia Hispania? Jipange hivi

Kitu cha kwanza ni tumbo. Kule lanchi ni saa nane au tisa mchana, dina saa tatu usiku, wakati mwingine hata saa nne, kwa hiyo weka biskuti kwa begi na usianze kununa saa moja jioni eti umesahauliwa. Mkimaliza kula usikimbilie chumbani, watu wanabaki mezani wanapiga stori, wanaita sobremesa, na hapo ndo utajifunza kuliko darasani, hata kama wiki ya kwanza unaitikia tu sí sí huku hujashika kitu.

Mswahili una bahati: nina njaa ni tengo hambre, nina kiu ni tengo sed, muundo ni uleule. Ila joto likikupiga sema tengo calor, usije ukasema estoy caliente mbele ya mama mwenye nyumba, hiyo maana yake umepandwa na ashiki (mimi niliisema, meza nzima ikacheka).

Mambo ya kufua, wageni na muda wa kuoga uliza siku ileile unayofika.