Kabla ya kutoka na gari Minneapolis mwezi wa Februari

Aliyejifunza udereva Nairobi au Dar hahitaji somo la mashimo ya barabarani. Analiona shimo kwa mbali, anakata usukani kidogo, anapita. Huku Minnesota, Marekani, ustadi huohuo ndio unaomtupa mtu kwenye rundo la theluji, kwa sababu tairi limekanyaga barafu. Maandalizi yote ninayoyataja hapa ni ya kukuepusha na huko kukata usukani ghafla.

Kwanza tazama hali ya hewa ya siku mbili tatu zilizopita, siyo ya leo peke yake. Theluji ikiyeyuka mchana, maji huingia kwenye nyufa za lami. Usiku yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yakaiinua lami. Yakiyeyuka tena, chini panabaki uwazi. Lori likipita, pamebomoka. Kwa hiyo baridi kali ya mfululizo ina nafuu kuliko wiki ya kuyeyuka na kuganda, zile za mwisho wa Februari hadi Aprili. Viraka vya msimu huu navyo havishiki sana. Njia uliyopita salama Jumatatu, Alhamisi ihesabu kuwa ngeni.

Halafu tairi. Joto likishuka kwa nyuzi 6 hivi, upepo hupungua kwa karibu psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo wa tairi). Gari lililojazwa upepo Septemba kwenye nyuzi 20, asubuhi ya nyuzi 16 chini ya sifuri limeshapoteza psi 6, na tairi laini likitumbukia shimoni, rimu ndiyo inayopokea kipigo. Pima kabla gari halijatembea, ufuate namba za kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si zile za ubavuni mwa tairi. Tairi za kawaida hukakamaa joto likiwa chini ya nyuzi 7. Ukinunua za theluji, nunua nne. Mbili za mbele peke yake zitakuachia nyuma ya gari icheze ngoma yake.

Na fungua buti leo, ukiwa nyumbani. Mimi nilipasukiwa na tairi barabara ya Lake Street saa tatu usiku, nikashuka nikiwa na uhakika wa spea. Nikakuta kijipampu na chupa ya gundi. Gundi hiyo huziba tundu la msumari. Ubavu uliochanika haiuwezi. Magari mengi ya siku hizi huuzwa hivyo. Nililingoja gari la kuvuta kwa muda mrefu nikiwa na koti jepesi, maana nilikuwa naenda mtaa wa pili tu. Tangu hapo buti langu lina blanketi, glavu, tochi, koleo fupi na mfuko wa mchanga wa choo cha paka (sifugi paka) wa kumwaga chini ya tairi likiteleza.

Kwangua vioo vyote, si kidirisha cha ukubwa wa sahani mbele ya macho yako. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, la sivyo hewa ya sumu inaweza kurudi ndani.

Ondoka mapema, uache nafasi kubwa mbele yako ili uone barabara na siyo bampa ya mwenzako. Dimbwi lichukulie kuwa shimo. Shimo lisiloepukika, punguza mwendo mapema, shika usukani sawa, kisha achia breki kabla gurudumu halijaingia. Breki ikiwa imekanyagwa, uzito mwingi unakuwa umelalia mbele. Madaraja huganda kabla ya barabara, na chumvi huishiwa nguvu baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri.

Ukishagonga shimo, paki mahali salama uangalie ubavu wa tairi. Ukiona uvimbe, hata mdogo kama yai la kware, usipande barabara kuu nalo. Shimo lenyewe liripoti 311, namba ya simu ya huduma za jiji, ukiwa umesimama.