Kabla hujaenda Mbeya kupigwa picha ya tezi ya machozi

Kitu cha kwanza kutia mfukoni, kabla hata ya barua ya rufaa, ni picha yako ya zamani. Tezi ya machozi ikivimba polepole, mwenyewe huoni, na watu wa nyumbani hawaoni. Mama mmoja wa Uyole alisema kope yake imevimba "mwezi huu huu". Tukamwomba kadi ya mpiga kura. Kwenye kile kipicha kidogo kilichofifia, jicho la kulia lilikuwa limeshashuka kidogo kuliko la kushoto, na kope ya juu imelegea upande wa nje. Kadi yenyewe ilikuwa ya miaka kadhaa. Hapo daktari akaanza hesabu upya.

Wengi wakiulizwa tezi iko wapi hugusa pembe ya jicho karibu na pua. Pale pana kifuko cha machozi, bomba la kuyatolea tu. Kiwanda chenyewe, yaani tezi, kiko juu, upande wa nje, kimejificha chini ya mfupa wa nyusi, ukubwa wa harage, kama sentimita 2 kwa urefu. Kano ya msuli unaoinua kope huigawa sehemu mbili. Ikivimba, husukuma jicho chini na kuelekea puani, na ukingo wa kope hujipinda kama herufi S. Kwa hiyo si kila uvimbe wa kope ni chokea.

Andika tarehe kwenye karatasi: ulianza lini, unauma au hauumi, jicho moja au yote mawili. Uvimbe mwekundu wenye joto uliotokea kwa siku chache huelekea kuwa maambukizi. Matumbwitumbwi ni mojawapo ya vyanzo. Pande zote mbili, tena kinywa kikavu, daktari atawaza magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia tezi zake yenyewe. Limfoma, saratani ya chembe za kinga, nayo hupenda kukaa hapo. Uvimbe wa upande mmoja usiouma, uliokaa zaidi ya mwaka, mara nyingi si saratani, lakini huo hutakiwa kutolewa mzima na ganda lake; ukimegwa kipande cha kupima, unaweza kurudi baadaye. Unaouma, wa miezi michache, au unaoambatana na ganzi ya paji la uso, usiusubirishe hadi mavuno yaishe: ipo saratani ya tezi hii inayotambaa kwenye neva na kula mfupa.

Halafu kuna prednisoloni, kidonge cha steroidi cha kushusha uvimbe, ya kujinunulia duka la dawa. Hii naisema kwa ukali. Itapunguza uvimbe, utafurahi, na kinyama cha kupima kikija kukatwa huenda limfoma isionekane. Kama umeshaimeza, sema.

Picha ya siti skani (CT, ya mionzi ya eksirei) huonyesha mfupa vizuri: umesukumwa taratibu ukatengeneza shimo laini, au umeliwa. Emaarai (MRI, mashine ya sumaku) huona nyama na neva zaidi. Ukihitaji kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, utaulizwa figo, kisukari na aleji, kwa hiyo beba majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kama unayo, pamoja na boksi za dawa unazotumia. Mjamzito aseme mapema. Kwa emaarai, fundi wa kuchomelea aeleze kama chuma kiliwahi kumrukia jichoni, hata miaka ishirini iliyopita. Sumaku ya mashine inaweza kukisogeza. Hereni, vibanio na wanja viachwe nyumbani.

Ukiambiwa utapimwa machozi kwa kikaratasi, usitie dawa ya matone asubuhi hiyo bila kuuliza. Kikaratasi hukaa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, jicho ni kavu kweli.

Anayetoka Makete au Kyela asipange kurudi siku hiyo hiyo, na aje na mtu. Akiwekewa dawa ya kutanua mboni, hatasoma hata kibao cha basi stendi, na jua la saa nane Mbeya, pamoja na baridi yake yote, litamchoma macho. Kofia ya pama inatosha.