SOMO: Kuifunga injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 454 iwe 496, gari la barabarani na la mbio za robo maili

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara saba "hiyo injini ya Chevelle uliifungaje?" Kila mara naandika upya, kila mara nasahau kitu. Leo naandika chote hapa. Atakayeuliza tena nitamwambia asome.

Mimi niko Dallas. Gari ni Chevelle ya 1971. Ijumaa naendea nalo kazini, wikiendi nalipeleka Texas Motorplex, uwanja wa mbio za robo maili kule Ennis. Injini ilitoka kwenye pikapu lililooza bodi. 454 ilianza kuuzwa 1970: upana wa silinda ni inchi 4.251, mwendo wa pistoni inchi 4.00. Mimi nimechonga silinda hadi 4.310 na kuweka krankishafti ya mwendo wa 4.250. Piga hesabu mwenyewe: 4.310 × 4.310 × 0.7854 × 4.25 × 8, unapata inchi za ujazo 496. Hiyo ni karibu lita 8.1. Toyota Supra yenye injini ya 2JZ ni lita 3.

Faida ya ujazo ni kwamba nguvu inakuja chini. Yangu haina haja ya kupita mizunguko 6,000 kwa dakika, kwa hiyo springi za vali ni laini kiasi, kabureta inatulia kwenye foleni, na naweza kwenda nayo dukani. Ukitaka nguvu hiyo hiyo kwa injini ndogo lazima uipigishe kelele, au uweke tabo (turbo).

Hatua ya 1: Bloku. Ioshwe, ipimwe nyufa, na unene wa kuta za silinda upimwe KABLA ya kuchonga. Bloku yenye kuta nyembamba usiifikishe 4.310.

Hatua ya 2: Kuchonga. Fundi mashine afunge bamba zito juu ya bloku kwa toki (nguvu ya kukaza bolti) ileile ya hedi ndipo asugue silinda. Kama hana bamba, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Urefu wa bloku. Bloku ya kawaida ni inchi 9.800 kutoka katikati ya krankishafti hadi juu. Toa nusu ya mwendo, 2.125. Toa urefu wa konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti), 6.385. Toa urefu wa pistoni kutoka pini hadi juu, 1.270. Inabaki 0.020, yaani pistoni inaishia chini ya uso wa bloku kwa kiasi hicho. Nilichonga uso nikaondoa hiyo 0.020, kisha gasketi ya 0.040 ikawa ndiyo nafasi pekee kati ya pistoni na hedi. Kwa konrodi za chuma usishuke chini ya hapo.

Hatua ya 4: Funga kwa majaribio. Bila ringi, bila oili nyingi. Zungusha kwa mkono polepole ukiangalia bolti za konrodi zinapopita karibu na chini ya silinda na karibu na kamshafti. Nataka nafasi ya inchi 0.060 kila mahali. Mahali pawili haikufika, nikasaga bloku kidogo. Ndiyo maana kuosha kwa mwisho kunakuja baada ya hapa.

Hatua ya 5: Beringi. Maikromita kwenye jonali (sehemu za krankishafti zinazozunguka ndani ya beringi), geji ya ndani kwenye beringi iliyokazwa kwa toki. Nafasi ya oili kwenye beringi kuu iwe inchi 0.0025 hadi 0.003, za konrodi hivyo hivyo. Usikubali maneno "tumeshapima" kutoka kwa mtu yeyote. Karakana niliyopeleka mara ya kwanza iliniandikia kwenye karatasi kwamba zote ziko sawa, na moja ilikuwa 0.0015.

Hatua ya 6: Ringi. Ya juu mwanya kati ya ncha zake uwe inchi 0.019 hadi 0.020, ya pili 0.022. Saga, pima, rudia. Ringi za silinda moja usizichanganye na za nyingine.

Hatua ya 7: Konrodi. Upande wenye mkato mpana unaelekea ukuta wa krankishafti. Pande bapa za konrodi mbili zinatazamana. Ukigeuza, beringi inapanda kwenye kona ya jonali na inakufa.

Hatua ya 8: Mizani. 454 ilitoka kiwandani ikiwa na uzito wa mizani kwenye pulei ya mbele na kwenye bamba la nyuma; 396 na 427 hazina. Krankishafti mpya inaweza kuwa ya namna yoyote. Uliza unaponunua, vipande vyote vitatu viwe vya namna moja.

Hatua ya 9: Hedi. Za aluminiamu, chemba (nafasi ya kuwakia petroli ndani ya hedi) cc 119. Silinda moja ni cc 1,016. Chemba 119, gasketi karibu 10, kichuguu cha pistoni kinapunguza 18, inabaki 111. Kompresheni inakuwa 10.15 kwa 1, na petroli ya pampu ya oktani 93 inaimudu. Nafasi kati ya vali na pistoni: 0.080 kwa vali ya kuingiza, 0.100 kwa ya kutoa. Pima kwa udongo wa kuchezea watoto, unatosha.

Hatua ya 10: Kuwasha mara ya kwanza. SOMA YOTE.

Kamshafti yangu ni ya tapeti bapa (tapeti ni vipande vinavyosukumwa na nundu za kamshafti ili kufungua vali), si za rola, kwa sababu rola zilikuwa nje ya uwezo wangu. Kamshafti ya namna hii inaishi au inakufa ndani ya nusu saa ya kwanza. Yangu ya kwanza ilikufa, 2015, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Ilikuwa saa nne usiku. Nimechoka, nataka kuisikia. Distribyuta niliiweka silinda namba 1 ikiwa juu, lakini ilikuwa juu kwenye mzunguko wa kutoa moshi, si wa kubana. Nikapiga stata. Haikuwaka. Nikapiga tena, na tena, kwa robo saa nzima, hadi stata ikawa haishikiki kwa joto. Kila mzunguko ule ulikuwa unafuta grisi ya kufungia iliyokuwa kwenye nundu za kamshafti. Nilipogundua na kugeuza distribyuta, ikawaka papo hapo, na mimi nikafanya kosa la pili: nikaiacha kwenye mzunguko wa chini, labda 700, nikazunguka na tochi kutafuta uvujaji. Tapeti hizi hazipati oili kutoka kwenye bomba lolote. Zinategemea matone yanayorushwa na krankishafti, na kwa 700 hakuna kinachorushwa cha maana. Baada ya dakika kumi nikasikia tak, tak, tak, upande wa kushoto. Nikazima. Asubuhi nikakata filta ya oili, nikakunjua karatasi yake juani: inameta kuanzia mkunjo wa kwanza hadi wa mwisho, kama mchanga wa pwani. Nundu ya vali ya kutoa ya silinda namba 3 ilikuwa imeliwa ikawa duara. Na chuma kile kilikuwa kimeshapita kwenye kila beringi. Injini yote ikafunguliwa.

Kwa hiyo fanya hivi, bila kuruka.

Grisi ya kamshafti kwenye kila nundu na kila uso wa tapeti. Tapeti mpya kwa kamshafti mpya, daima. Kama springi za vali ni mbili mbili, toa za ndani kwanza. Oili iwe na zinki ya kutosha. Oili za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki na fosforasi ili zisiharibu katalisti, hizo hazifai hapa.

Kabla ya distribyuta, ingiza kwenye shimo lake kifaa cha kuzungushia pampu ya oili kwa drili, kuelekea mwendo wa saa. Mwenzako azungushe krankishafti polepole. Usiache hadi uone oili imetoka kwenye roka zote 16.

Kisha toa plagi namba 1, weka kidole kwenye tundu, mwenzako azungushe. Hewa ikisukuma kidole, huo ndio mzunguko wa kubana. Leta alama ya pulei kwenye digrii 12 kabla ya juu, ndipo uweke distribyuta. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Jaza bakuli za kabureta petroli kwa mkono. Jaza maji. Feni kubwa ya umeme mbele ya rejeta. Iwake kwenye pigo la kwanza au la pili. Isipowaka, ACHA stata, tafuta sababu.

Ikiwaka tu, pandisha 2,000. Dakika 25 kati ya 2,000 na 2,500, ukibadilisha badilisha. Usishushe. Kuna mvujo? Kama si mkubwa, acha udondoke. Kama lazima, ZIMA kabisa, rekebisha, washa, endelea na dakika zilizobaki. Kisha mwaga oili, kata filta, angalia.

Hayo ndiyo. Maswali karibuni.

---

Mdau wa Houston: Mkuu nina 350, hiyo krankishafti ya 4.25 itaingia?

Jibu: Haiingii. 350 ni bloku ndogo, hii ni bloku kubwa. Ni familia mbili tofauti. Kwa 350 watu huweka mwendo wa 3.75 na silinda 4.030 wakapata 383.

Mdau wa Mwanza: Hongera fundi. Horsepower ngapi?

Jibu: Sijaipima kwenye mashine, na sitataja namba ya kubuni. Robo maili imekimbia sekunde 11.8.

Mdau wa Houston: Sawa, lakini 4.25 hata nikisaga bloku?

Jibu: Nimeshajibu.

Mdau wa Toronto: Naomba kuelewa jambo moja. Umesema tapeti mpya kwa kamshafti mpya "daima". Kwa nini? Tapeti zangu za zamani ni safi, hazina hata mkwaruzo.

Jibu: Swali zuri sana, kaka. Uso wa tapeti unaonekana bapa, lakini ukiweka rula ya chuma utaona umebinuka kidogo sana katikati. Na nundu yenyewe imesagwa kwa mteremko mdogo. Kwa hiyo vinagusana pembeni, si katikati, na kila nundu ikipita inaizungusha tapeti. Mzunguko huo ndio unaosambaza msuguano. Tapeti iliyotumika imeshazoeana na nundu yake na ule mbinuko umepungua. Kwenye nundu mpya inaweza kugoma kuzunguka, na tapeti isiyozunguka inakula nundu papo hapo. Jaribio: wakati wa kuzungusha kwa mkono, paka alama ya kalamu kwenye kila pushirodi (fimbo inayosimama juu ya tapeti) uone kama zinageuka. Isiyogeuka, toa tapeti yake uangalie tundu kabla hujawasha.

Mdau wa Toronto: Asante, nimeelewa kabisa. Kesho naagiza mpya.

Mdau wa Denver: Hii ni teknolojia ya mababu. Nunua LS (injini mpya zaidi ya Chevrolet) ya lita 6.0 kutoka pikapu la makapi, ina rola toka kiwandani, hutahangaika na hayo yote.

Jibu: LS ni injini nzuri na sijasema popote kwamba ni mbaya. Ukitaka njia fupi, chukua hiyo. Mimi nilikuwa na 454 tayari, gari lilizaliwa kwa bloku kubwa, na nilitaka kujifunza kuifunga. Somo ni la mwenye 454. Andika la LS, nitalisoma.

Mdau wa Nairobi: Boss, mimi niko na 2JZ-GTE, ile yenye tabo, huku nairudisha upya. Ni hatua gani zinanihusu? Na hiyo petroli ya 93, mbona ni namba ya chini kwa kompresheni hiyo?

Jibu: Hatua 1, 2, 5 na 6 zote ni zako. 2JZ ni milimita 86 kwa 86, vipimo vyako vitakuwa vya kitabu cha Toyota, si hivi vyangu. Mwanya wa ringi kwenye tabo uwe mkubwa kuliko wangu, kwa sababu joto linaikuza ringi. Ncha zikigusana inavunja pistoni. Ya kamshafti usihofu, yako iko juu na inapata oili ya pampu moja kwa moja, haihitaji hizo dakika 25.

Petroli: namba ya pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Nchi nyingi huandika RON peke yake, ambayo ni kubwa zaidi. 93 ya hapa ni kama 98 ya RON. Kwa hiyo usilinganishe namba moja kwa moja, na usiige kompresheni yangu kabla hujajua pampu yako inaandika ipi.

Mdau wa Nairobi: Hii ya RON sikuwa najua. Shukran sana.

Mdau wa Phoenix: Mkuu nimewasha jana. Niliiacha chini kidogo tu nikaangalia leki, kama dakika tano. Leo kuna mlio wa tiktik. Niendelee na 2,000?

Jibu: Zima. Usiiwashe tena. Kata filta kwa kikata mabati cha mviringo. Ukitumia msumeno utaingiza vumbi la chuma na hutajua lipi ni lipi. Tandaza karatasi juani, upitishe sumaku. Ikiokota, injini inafunguliwa.

Mdau wa Phoenix: Imeokota. Kidogo.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Najua hiyo asubuhi ilivyo. Usibadilishe kamshafti peke yake ukafunga, ile chembe iliyobaki itakula beringi. Fungua yote, toa vizibo vya njia za oili kwenye bloku, pitisha brashi ndefu kila njia. Nitumie picha ya nundu, tutaangalia pamoja.

Mdau wa Dodoma: Kuosha bloku unatumia petroli au dizeli?

Jibu: Hapana. Petroli inatoa mafuta lakini unga wa mawe ya kusugulia unabaki kwenye mikwaruzo. Maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, brashi ngumu, suuza, kausha kwa hewa haraka kabla haijashika kutu. Kisha kitambaa cheupe chenye oili kidogo ndani ya silinda. Kikitoka cha kijivu, rudi kwenye sabuni.

Mdau wa Phoenix: Ninaosha sasa hivi. Kitambaa cha tatu bado kijivu.

Jibu: Endelea. Mimi hufika cha sita.